Neno la kusomeka pande mbili: itafute njeo kwanza

Mhariri, swali la wiki lilikuwa hili: maneno ya kwenye chemshabongo yanayosomeka sawasawa mbele na nyuma yana kanuni ya kuyafumbua, au mtu anabahatisha tu? Kanuni ipo, na kwa Kiswahili ni kali kweli.

Ianzie kwenye ncha. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Sasa kama herufi ya mwisho ndiyo ya kwanza, jibu nalo litaanza kwa irabu, ukiacha mkopo kama "madam". Hapo hapo umeshafuta kila kinachoanza na wa-, ki-, ni-, tu-, ku- na ha-: wingi wa watu umekwenda, kitenzi-jina kimekwenda, kanusho la ha- limekwenda. Visanduku vikiwa 3 usihangaike: ada, ama, ini na utu vinatosha kukupa picha.

Utamu uko kwenye vitenzi. Kitenzi cha asili ya Kibantu huishia -a, na "yeye" huanzia a-, kwa hiyo ncha mbili zimeshapatana zenyewe. Kwa visanduku 5, tafuta mzizi uliorudia konsonanti yake: alala, abeba, anena, ateta, anuna. Kwa visanduku 7, mambo yote yako kwenye njeo, yaani wakati wa tendo. Andika a- pamoja na kiambishi cha njeo, kisha kigeuze upande wa pili. Ame- inadai -ema mwishoni, ndipo unapata amesema, ametema, amehema. Aki- inadai -ika: akipika, akifika, akizika. Aka-, ata- na ana- zikigeuzwa hubaki vilevile, ndiyo maana akataka, akapaka, atapata, atakata, anabana na anakana zote zinapita.

Tuseme kidokezo ni "Ametoa kauli, herufi 7". Mtunzi amekwisha kukupa njeo bila kujua. Jaza A, M, E mwanzoni na E, M, A mwishoni. Kinabaki kisanduku kimoja tu cha katikati. Ukiweka T ni mate, ukiweka H ni pumzi, ukiweka S umemaliza. Njeo ya -li- iache kabisa: inadai mzizi unaoishia na -il-, na sioni wa kuchapishika gazetini.

Kinachowakwamisha wengi ni konsonanti zinazoandikwa kwa herufi mbili, na zile zinazoandamana. Nd ikigeuzwa ni dn, mb ni bm, kw ni wk. Hakuna neno letu litakalokubali. Basi ukiona herufi ulizokwisha kupata zinakupeleka kwenye nd au mw, ujue umekosea mahali, rudi nyuma. Kwa sh, ch, dh na wenzake, angalia kwanza mtunzi anahesabuje. "Akishika" inapita ikiwa sh imepewa kisanduku kimoja, lakini ikipewa viwili inakwama, maana ukirudi unasoma hs. Mtunzi mzuri husema mapema.

Idadi ya visanduku nayo inasema jambo. Ikiwa witiri, herufi ya kati hukaa peke yake. Ikiwa shufwa, katikati lazima zikae herufi mbili zinazofanana, na konsonanti pacha tulizonazo ni mm na nn, nazo adimu. Kwa hiyo tegemea irabu mbili, na mara nyingi hapo ndipo neno moja linapoishia na jingine kuanza. "Ila Ali" ni herufi 6, na kiungo ni aa.

Hapo ndipo sentensi zinapozaliwa. Kusanya jozi za maneno yanayogeukiana: ila na Ali, au na ua, aibu na ubia, amani na inama, afika na akifa. Weka moja mwanzoni, mwenzake mwishoni, katikati bandika neno linalojitosheleza kutoka kwenye orodha ya juu. Nafasi na koma hazihesabiwi. Unapata "Ila amesema Ali", "Au atakata ua", "Ubia ama aibu", na ninayoipenda kuliko zote, "Inama, anena amani".

Kuna pia mafumbo ya silabi, ambamo kinachogeuzwa ni silabi nzima badala ya herufi, nayo ni ndugu wa kinyume cha pwani, ile lugha ya mchezo ambamo silabi ya mwisho hupelekwa mbele: mbuzi akawa zimbu. Hapa "lima mali" ni sahihi, "taka, kata" ni sahihi, na "chapa pacha" pia, kwa sababu ch haivunjwi. Ukijaribu sentensi hizi kwa herufi mojamoja zinaanguka zote tatu, kwa hiyo usichanganye mizani mbili katika fumbo moja.

Ukianza kutunga mwenyewe utavutwa kupanga jozi mbili kwa mpigo: "Au Ali atapata ila ua". Zihesabu herufi, zinakubali kwenda na kurudi. Sarufi ndiyo inayokataa, kwa kuwa "ila" ya namna hiyo inataka kanusho, "hatapata ila ua", na h ikiingia upande mmoja inataka mwenzake upande wa pili, na huko maneno ya sentensi hii hayana h ya kuipa.