Hagler na Monzón? Taja raundi kwanza

*Shikamoo mzee. Marvin Hagler na Carlos Monzón wangekutana wote wakiwa kwenye ubora wao, nani angeshinda? (Msomaji, Temeke)*

Marahaba. Ubora wa mwaka gani? Raundi ngapi? Nimeshasema hapa mpaka nimechoka: taja masharti, ndipo uulize mshindi. Kwa kuwa hukutaja, nakuchagulia mimi. Wote walikuwa mabingwa wa dunia wa uzito wa kati: Monzón wa 1972, Hagler wa 1982, raundi 15, uzito unapimwa asubuhi ya pambano.

Monzón kwa pointi, na majaji hawatakubaliana.

Najua mtanirushia lile la Hagler na Thomas Hearns, Aprili 1985, raundi tatu za moto. Hearns alisimama akabadilishana makonde tangu kengele ya kwanza, na Hagler hakuwahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo. Monzón asingethubutu. Pambano la kutazama ni la Novemba 1983, Hagler na Roberto Durán, tena litazameni lote, si vipande vya dakika mbili mnavyotumiana kwenye simu. Durán alipata jina kwenye pauni 135 na ni mfupi kuliko Hagler, lakini raundi ya 13 ilipokwisha alikuwa anaongoza kwenye kadi za majaji wawili. Ilibidi Hagler azichukue raundi mbili za mwisho ndipo aondoke na mkanda wake. Durán hakufanya uchawi. Alikataa tu kumfuata Hagler, akakaa, akasubiri, akajibu kwa mkono wa kulia, na Hagler akaanza kufikiri badala ya kupiga.

Sasa mweke Hagler huyo mbele ya Mwargentina anayemzidi urefu kwa inchi kama mbili, anayesimama wima bila haraka, kushoto kunapima umbali, kulia kunafuata kumenyooka. Na msiniambie Hagler angemmaliza mwishoni. Monzón alimtwanga Nino Benvenuti KO (alimlaza asiinuke) raundi ya 12 mwaka 1970, akamsimamisha Emile Griffith raundi ya 14 mwaka uliofuata. Hata 1977, Monzón akiwa na miaka 34, Rodrigo Valdez alimwangusha raundi ya pili, Monzón akainuka na kushinda kwa pointi. Huyo wa 1977 ndiye ningempa Hagler ampige.

Jambo moja ambalo hukuuliza: nasifu ngumi za Monzón, sio yeye. Mwaka 1988 alimuua Alicia Muñiz, mama wa mtoto wake, akafungwa. Wanaobandika picha yake kwenye jimu wajue wamembandika nani.

*Hagler alidhulumiwa na majaji alipocheza na Sugar Ray Leonard? (Msomaji, Tanga)*

Jaji Jo Jo Guerra alitoa 118-110 kwa Leonard, na kadi ile ni aibu. Lakini wale wawili wengine walitoa 115-113, mmoja huku, mmoja kule, na ndivyo lilivyokuwa. Ukiniuliza mimi, Hagler alipoteza mezani kabla hajapoteza ulingoni. Kambi ya Leonard ilitaka raundi 12 badala ya 15, ulingo wa futi 20 ili mtu wao apate pa kukimbilia, na glovu za aunsi 10. Hagler akatazama fungu lake kubwa la pesa, akasaini. Usiku wa Aprili 6, 1987, akaingia akisimama kama bondia wa mkono wa kulia, yeye ambaye miaka yote aliwatesa watu kwa mashoto, na raundi mbili za mwanzo zikaenda kwa Leonard. Fanya hesabu: ukimrudishia Hagler moja tu kati ya hizo, kadi zinasomekaje?

Ninyi vijana wa Manzese mnaosaini mikataba juu ya boneti ya gari la promota, nanyi sikieni. Someni idadi ya raundi, ukubwa wa ulingo na aunsi za glovu. Pesa isomeni mwisho.

*Mayweather angempiga Hagler? (wengi mno)*

Mayweather hakuwahi kupigania mkanda wa uzito wa kati. Msiniulize tena.

*Golovkin ana KO 37 katika ushindi 42. Si amempita Hagler? (Msomaji, Mombasa)*

Hagler ana 52 katika ushindi 62, kwa hiyo asilimia inambeba Golovkin. Asilimia haivai glovu. Angalia nani alipigwa na lini: Canelo alipokutana naye mara ya kwanza, 2017, Golovkin alikuwa na miaka 35. Hagler kwa pointi, na wote wawili wangeenda hospitali.

*Nimeona video ya Harry Greb akipigana, mbona mnamsifu hivyo? (Msomaji, Arusha)*

Hukumwona akipigana. Hakuna filamu ya pambano lake hata moja inayojulikana kubaki. Zilizopo zinamwonyesha akifanya mazoezi. Greb ndiye mtu pekee aliyewahi kumshinda Gene Tunney, aliyekuja kuwa bingwa wa uzito wa juu, mwaka 1922, akiwa mwepesi kuliko mwenzake, na miaka yake ya mwisho ya ngumi alipigana jicho moja halioni. Anayekutabiria Greb na Hagler anakutabiria kwa magazeti ya zamani. Mimi simo.

*Kuna mahali wanachezesha mabingwa wa zamani kwa kompyuta na unaweza kubeti. Niweke kwa nani? (Msomaji, Mwanza)*

Weka kwa mama watoto. Mkeka wa ngumi za kweli unakula watu, sembuse wa marehemu.

*Mzee, John Mugabi wa Uganda angekutana na Hearns badala ya Hagler, angeshinda? (Msomaji, Bukoba)*

Hapana, na inaniuma. Mugabi alikuja na medali ya fedha ya Moscow 1980, na hadi anakutana na Hagler, Machi 1986, hakuwa na ushindi hata mmoja wa pointi, wote aliwalaza. Alipanda kutoka pauni 154 kwenda kumfuata bingwa, akamtwanga makonde ambayo wengine wasingeyamaliza, akaangushwa raundi ya 11. Lakini alikuwa anakuja moja kwa moja, kichwa hakihami. Usiku huohuo, kwenye ulingo huohuo, Hearns alimlaza James Shuler raundi ya kwanza kwa kulia kulikonyooka. Kichwa kisichohama mbele ya mkono ule? Hearns, KO, kabla ya raundi ya tano. Ila kama Mugabi angevumilia hadi ya sita, nabadilisha jibu.