Treni ya kulala ya Sunrise kutoka Osaka kwenda Tokyo: USIKATE hiyo tiketi ya tarehe 15

Mkuu, simama hapo hapo. Kama hujalipa, usilipe. Kama umeshalipa, rudi dirisha la tiketi leo, maana unaruhusiwa kubadilisha mara moja tu bila faini, tena kabla treni iliyoandikwa kwenye tiketi haijaondoka. Ikishaondoka, hela ya kitanda imekwenda.

Umesema Ijumaa tarehe 15 mtakula Osaka, mtapanda Sunrise usiku huo na kuamkia Tokyo Jumamosi, na kwamba mnakata tiketi ya tarehe 15 kutoka Osaka. Kisha umeuliza habari za chumba, bafu, mizigo na chakula. Hayo yote hayana maana kama treni yenyewe hamtaipata. Tiketi ya tarehe 15 kutoka Osaka ni ya treni ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Mkifika stesheni Ijumaa usiku na mabegi yenu, treni mliyolipia itakuwa imeshaondoka usiku uliotangulia, na abiria wake wameshakula chakula cha mchana Tokyo.

Sababu ni hii. Treni ya kwenda Tokyo inaanza ikiwa vipande viwili. Sunrise Seto inatoka Takamatsu saa 3:26 usiku, Sunrise Izumo inakuwa imetoka Izumoshi tangu jioni. Zinaunganishwa Okayama mnamo saa nne na nusu usiku, mabehewa 7 kwa 7, zinakuwa treni moja ya mabehewa 14. Himeji inapita saa 5:35 usiku, bado ni tarehe 15. Sannomiya, pale Kobe, saa 6:13 usiku. Osaka saa 6:34 usiku, yaani 0:34 kwa saa zao, na hapo kalenda ya Japani imeshageuka kuwa tarehe 16. Ndani ya treni hiyo hiyo moja, aliyepandia Himeji ana tiketi ya 15 na aliyepandia Osaka ana tiketi ya 16, na wote wawili wako sahihi.

Kanuni ni moja, ishikeni: ukipandia Sannomiya au Osaka, tarehe ya kupanda iliyo kwenye tiketi lazima iwe ile ile ya asubuhi utakayoshuka Tokyo. Mnafika Tokyo saa 1:08 asubuhi ya tarehe 16, basi tiketi isome 16. Ikisoma 15, ni mbovu kwenu, hata kama aliyewauzia anatabasamu.

Kinachoniudhi ni hawa watu wa video za safari na mawakala wanaotangaza "panda Ijumaa usiku, amka Tokyo" bila kutaja tarehe hata mara moja. Wanaonyesha shuka, wanaonyesha dirisha, wanaonyesha mlima Fuji asubuhi. Kitu kimoja kinachoweza kumwacha mtu stesheni usiku wa manane hawakigusi! Halafu mtu anakwenda dirishani, anamwambia karani "Friday night, fifteen", na karani anaingiza 15 kama alivyoambiwa. Mashine haina namna ya kujua kwamba wewe ulimaanisha usiku wa kuamkia Jumamosi.

Kuna mtego wa pili unaozidi kuwavuruga watu. Tiketi hufunguliwa saa 4 asubuhi, mwezi mmoja kabla ya siku treni inapoanza safari kwenye kituo chake cha kwanza. Treni yenu inaanza Takamatsu tarehe 15, kwa hiyo mauzo yake yanafunguliwa tarehe 15 ya mwezi uliotangulia, japo tiketi yenu ya Osaka itaandikwa 16. Ukisubiri mpaka tarehe 16, unawahi mauzo ya treni ya usiku unaofuata, na ya kwenu imeshakuwa sokoni siku nzima. Treni hizi za aina ya 285 zipo seti 5 tu tangu zianze kazi Julai 1998, na ndizo pekee za kulala zilizobaki Japani zenye ratiba ya kila siku. Vyumba vinaisha upesi, hasa wikiendi.

Mpe karani karatasi iliyoandikwa hivi: Sunrise Seto, Takamatsu 15, 21:26, kupanda Osaka 16, 0:34, kufika Tokyo 16, 7:08. Akikupa tiketi, usiondoke dirishani. Chini ya majina ya vituo kuna namba ya mwezi, kisha ya siku, kisha saa ya kuondoka. Tarakimu zinasomeka hata kama hujui herufi moja ya Kijapani. Tafuta 16, tafuta 0:34. Na ni stesheni ya Osaka, siyo Shin-Osaka ya shinkansen, zile treni za kasi. Shin-Osaka Sunrise haipakii mtu.

Mkiikosa, hakuna nyingine usiku huo. Shinkansen hazitembei usiku wa manane, ya kwanza kutoka Shin-Osaka ni saa 12 asubuhi. Na kwa kuwa una JR Pass, ile pasi ya watalii ya kupanda treni za JR, itazame nayo: kama siku yake ya mwisho ni 15, inakufa saa sita usiku, dakika 34 kabla treni haijaondoka Osaka. Pasi lazima iwe hai tarehe 16.

Chumba: kwa pasi, sehemu ya kulala kwenye zulia, nobinobi, mabehewa ya 5 na 12, huongezi kitu. Unapewa shuka jepesi tu, kwa hiyo vaa koti. Ukitaka chumba, pasi inabeba nauli ya msingi peke yake. Unalipa ada ya ekspresi na ya chumba, yaani Solo, chumba kidogo cha mtu mmoja, yeni 6,600, au Single, cha mtu mmoja pia, 7,700. Solo ziko behewa la 3 na la 10, dari iko chini na mota ziko chini ya sakafu, kama ilivyo kwa nobinobi. Mwenye usingizi mwepesi aongeze hiyo 1,100 achukue Single.

Bafu ni la kulipia: unanunua kadi ya yeni 330, unapata maji ya dakika 6. Kadi ni chache na wa Takamatsu na Izumo wamewatangulia, ogeni Osaka.

Ukishaipata tiketi, ipige picha uiweke hapa tuisome. Fanya hivyo mapema: kama ni ya 15, mwisho wako wa kuibadilisha ni Alhamisi kabla dirisha halijafungwa, siyo Ijumaa.