Jiwe likilowa hudanganya: kwenu mlioanza kuzungusha mawe juzi

Jumamosi kijana mmoja kaniletea ndoo ya mawe kutoka mto Themi, anataka kuyazungusha kwenye mashine ya pipa mpaka yang'ae. Kayalowanisha yote, yanang'aa kama macho ya samaki mbichi. "Mzee, haya yakitoka kwenye mashine si itakuwa balaa?" Nikamwambia ayaanike kwanza, tunywe chai. Chai haijaisha, ndoo nzima imegeuka kifusi cha kijivu. Huyu ni wa nne mwaka huu, nami nimechoka kuwaanikia watu mawe.

1. Chagua jiwe likiwa kavu. Mawe mengi ya Arusha ni ya volkano, yana vitundu. Griti namba 80, ule unga mkali wa kusagia mawe hatua ya kwanza, hujificha humo, unasuuza, unasugua kwa mswaki, halafu inachomoka yenyewe ukiwa umefika griti laini ya 500 na kuwakwaruza wenzake wote.

2. Beba kisu na ndimu. Kisu kikilichora, ni laini mno. Ndimu ikitoa povu, hilo ni la chokaa, mpelekee fundi ujenzi.

3. Msichanganye ugumu. Hapa niacheni nikae kidogo, maana ndipo nilipoaibikia. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua kilo mbili za vipande vya Longido, yale ya kijani yenye madoa mekundu. Nani asiyeyapenda? Nilikuwa nimeshamwahidi mdogo wa mke wangu mkufu wa sendofu, na ahadi yenyewe niliitoa mbele ya wakwe. Nikayatia na akiki zangu nzuri, pipa robo tatu, griti, maji, nikawasha. Wiki ya kwanza, ya pili, usiku nasikia lile guruguru nalala kama mtoto. Mke wangu hakulala. Kila hatua nilisuuza harakaharaka gizani nikaendelea, sikukagua hata moja. Nilijiambia wali haufunuliwi kabla haujaiva.

Wiki ya tano nikamwaga kwenye beseni. Jamani! Yale madoa mekundu ni rubi, yenye ugumu wa 9 kwenye kipimo cha 1 hadi 10; ile zoisaiti ya kijani iko 6 hadi 7. Kijani kilikuwa kimeliwa, wekundu umebaki umechomoza. Kila jiwe lina chunusi. Chembe za rubi zilizobanduka zikawa zimezichora akiki zote, na LUKU imekwisha. Mkufu nikautengeneza hivyohivyo, ningefanyaje? Shemeji akaupokea kwa mikono miwili, akautazama, akasema, "Asante shemeji, unaonekana… wa asili." Na akauvaa! Picha ya siku ile iko ukutani kwa mama mkwe, mkabala na kiti ninachopewa kila Krismasi.

Siku hizi mawe ya Longido namwachia mkataji mwenye msasa wa almasi. Nyie anzeni na akiki, yaspi, kwatzi, na mkipata pesa, krisopraso, lile jiwe la kijani la Haneti kule Dodoma.

4. Hifadhini usiokote hata kokoto, na kwenye eneo la mwenye leseni omba kwanza. Wengi watakuuzia vifusi kwa bei ya soda.

5. Tope la mashine lisiende kwenye sinki. Huganda kama saruji. Fundi bomba wangu amenunua pikipiki.

Ndoo ya kijana bado iko uani. Mke wangu ameshaanza kuzungushia maua.