Goti linauma zaidi baada ya sindano ya plazma

SWALI: Magoti yananiuma mwaka wa sita sasa, daktari anasema gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, limelika. Wenzangu wawili walidungwa plazma ya damu yao wenyewe na wanasema wamepona. Mimi nimedungwa juzi, goti limejaa na linauma kuliko awali. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole sana. Hujakosea. Plazma hiyo ina chembe sahani nyingi, yaani chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, nazo huamsha uvimbe kwanza, hivyo goti kuuma siku mbili tatu ni kawaida. Weka barafu iliyofungwa kitambaa kwa dakika 15, na utumie parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki wagonjwa wengi huambiwa waziache kwa muda, maana huzuia kazi ya chembe sahani. Aspirini ya moyo usiiache bila kumuuliza daktari.

Lakini ukipata homa, au goti likawa la moto na likagoma kukunjika, nenda hospitali leo hii. Huenda vijidudu vimeingia ndani ya kiungo, na hao hula gegedu kwa siku chache tu.

Wenzako hawasemi uongo. Ila kuna utafiti wa Australia uliotolewa mwaka 2021: wagonjwa 288, wengine plazma, wengine maji ya chumvi, bila kujua nani kapewa nini. Baada ya mwaka mmoja maumivu yalikuwa yamepungua kwa wote, karibu sawasawa, na hali ya gegedu haikutofautiana. Watu hukimbilia sindano maumivu yakiwa kileleni, nayo hushuka yenyewe hata bila dawa. Kwa hiyo tunakusihi usikope fedha kwa ajili ya sindano nyingine.

Uvimbe ukishatulia, imarisha misuli ya paja. Kaa kwenye kiti kigumu, nyayo zote chini, mikono kifuani. Inuka polepole, kisha shuka ukihesabu moja hadi tatu. Rudia mara 8 hadi 10, pumzika, rudia tena. Siku 3 kwa wiki. Wengi huharibu hapo kwenye kushuka: wanajitupa kitini, misuli haifanyi kazi. Ukishindwa kuinuka, ongeza mto juu ya kiti. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakizidi na kulala nawe hadi asubuhi, punguza idadi, usiache. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Na fimbo ishike kwa mkono wa upande wa goti zima, si wa goti bovu.