Tuliandikishana kabla ya kupigana: je, karatasi inanilinda?

SWALI: Mheshimiwa wakili, mimi na rafiki yangu tulikuwa na ugomvi wa muda mrefu. Tukakubaliana tuzichape mara moja yaishe, tukaandikishana mbele ya mashahidi wawili kwamba hakuna atakayemshtaki mwenzake "kwa lolote litakalotokea". Nilimvunja taya. Yeye hana kinyongo, ila polisi wamenifungulia jalada. Karatasi hiyo si inatosha kuifuta kesi?

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu. Uniwie radhi nikijibu kwa ukali kidogo, maana swali hili hunijia mara kwa mara, limebadilisha nguo tu.

Karatasi zenyewe nazijua hata kabla hazijakunjuliwa. Ukurasa uliochanwa kwenye daftari, sahihi mbili, alama ya dole gumba, na maneno yaleyale: "lolote litakalotokea". Anayeyaandika hudhani ndiyo yenye nguvu kuliko yote, kumbe ndiyo dhaifu. Mtu haridhii asichokijua. Rafiki yako hakuridhia kuvunjwa taya. Aliridhia kupigana akitumaini atashinda yeye.

Tena jinai si deni baina yenu. Anayeshtaki ni dola, rafiki yako ni shahidi tu, kwa hiyo hana kesi ya kukufutia. Na kutokuwa na kinyongo ni msamaha, si ridhaa. Msamaha unaweza kukusaidia siku ya kupewa adhabu, lakini haurudi nyuma ukalifanya kosa lisiwe kosa.

Mwaka 1981 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliulizwa jambo lako hilihili: vijana wawili waliokubaliana kumaliza ubishi kwa ngumi barabarani. Ilijibu kwamba watu wakipigana kwa kukusudia kuumizana, au wakaumizana kweli, bila sababu ya maana, ridhaa yao haihesabiki, wawe hadharani au faraghani. Na jeraha la pale lilikuwa pua kutoka damu na michubuko. Wewe una taya. Ndondi za ulingoni zenye kanuni na mwamuzi, upasuaji, tatuu, kutoboa masikio, hivyo sheria imevitenga. Ugomvi wenu haumo. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza zinafuata njia hiyo.

Linalonikera zaidi ni hili: karatasi yenu si kwamba haina kazi tu, inamfanyia kazi mwendesha mashtaka. Bila hiyo ungeweza walau kujaribu kusema ulikuwa unajihami. Sasa kuna maandishi yenye sahihi yako yanayoonyesha ulijipanga, ukachagua siku, ukaenda. Hata wale mashahidi wawili huenda wakaulizwa kama walishuhudia au walichochea.

Ushauri wa kuandikishana hutoka wapi? Kwa mawakili wa vijiweni, na siku hizi kwa wanaouza mtandaoni fomu za ridhaa zilizokwisha kuandikwa, jaza jina tu. Wanauza utulivu wa moyo. Uingereza kuna mchora tatuu aliyewakata wateja wake viungo kwa kupenda kwao: mmoja alimwondoa sikio, mwingine akampasua ulimi. Hakuna aliyebisha kwamba wateja walikubali. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilisema kukubali kwao si utetezi, akakiri kosa, na mwaka uliofuata akafungwa miezi 40.

Na hapo tunazungumzia ridhaa ya kweli, ya mtu mzima mwenye akili zake. Mara nyingi hata hiyo haipo. Anayesema "sawa" huku ametishwa hajaridhia, amesalimu amri. Mtoto hata akisema ndiyo mara kumi, kwa tendo la ngono na mtu mzima ndiyo yake si ridhaa. Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 2011 ilisema wazi kuwa mtu hawezi kuridhia leo tendo la ngono litakalofanywa akiwa hana fahamu, maana aliyepoteza fahamu hawezi kubadili mawazo. Fomu haina mahali pa kuandika hilo.

Udanganyifu ndio wenye utata, na ndipo wauza fomu wanapopotea kabisa. Mwaka 1998, Uingereza, daktari wa meno aliyesimamishwa kazi aliendelea kutibu bila kuwaambia wagonjwa. Hatia yake ya kuwadhuru ilifutwa: walimjua ni nani, na walipata matibabu ya meno waliyoyakubali. Miaka miwili baadaye, mwanamume aliyejifanya ana taaluma ya tiba akawapima wanawake matiti hakupona, kwa sababu walikubali uchunguzi wa kitabibu, na kile hakikuwa uchunguzi wa kitabibu. Ukiziweka kesi hizo mbili pamoja utaona kwamba swali si kama mtu alisaini; ni nini hasa alichodhani anakikubali.

Kuhusu wewe: usiichane karatasi wala kuichoma, kuharibu ushahidi ni kosa jingine. Usimwendee rafiki yako kumwomba abadilishe maelezo. Mpelekee wakili wako karatasi hiyo kama ilivyo, kabla hujaandikisha maelezo yoyote.