Kombe la Platini kwa Nusu Saa: Mtathmini Aandike Nini?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Sisi wenzi sita huchanga fedha kila mwezi tukanunua gemu moja la PlayStation, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika tathmini fupi ya kila gemu. Mwezi uliopita, kwa matakwa ya mmoja wetu, tulinunua gemu la chini ya dola mbili ambalo mchezaji hubonyeza kitufe kimoja tu, ndege akaruka, na kabla ya nusu saa kutimia hupewa kombe la platini, yaani nishani ya juu ya kidijitali inayowekwa kwenye akaunti yake. Baadhi ya wenzangu wanataka nilipatie gemu hilo alama 8 kwa 10 kwa kuwa limetimiza ahadi yake. Wengine wanasema gemu kama hilo halistahiki hata kuandikiwa. Nifuate lipi?

JIBU: Wa alaykum salaam, kijana wangu. Liandikie, tena kwa uangalifu uleule unaoutumia kwa gemu kubwa, kwa sababu fedha iliyochangwa na watu sita ni amana hata ikiwa ndogo, na mwenzako akiuliza kilichonunuliwa anastahiki jibu. Hao wanaokutaka unyamaze siwaungi mkono. Lakini alama 8 nazo usizitoe, na sababu yake nitaieleza kwa urefu kidogo.

Makombe haya yaliletwa na Sony kwenye PlayStation 3 mwaka 2008, miaka mitatu baada ya Microsoft kuanzisha utaratibu unaofanana nao katika Xbox 360. Yako ya shaba, ya fedha na ya dhahabu, na platini hutolewa kwa aliyekwisha kuyapata mengine yote ya gemu husika. Tangu Oktoba 2020 kombe la shaba lina pointi 15 na platini ina pointi 300, na mfumo hauulizi mtu ameihangaikia kwa muda gani: platini iliyomgharimu mtu miezi miwili ya kukesha na ile ya dakika ishirini zinaingia katika hesabu yake kwa uzito mmoja. Hapo ndipo biashara ilipopata mlango: gemu za kununuliwa kwa ajili ya platini ya haraka. Mwaka 2016 ulitoka mchezo uitwao *My Name is Mayo*, ambao kazi ya mchezaji ni kuibonyeza chupa ya mayonizi mara 10,000. Huo angalau una vijisimulizi vya kuchekesha ndani yake. Watengenezaji waliokuja baadaye wengi wao hata vijisimulizi hivyo hawakuviweka. Tena gemu moja likitolewa kwa PlayStation 4 na kwa PlayStation 5, kila toleo huweza kuwa na orodha yake ya makombe, kwa hiyo mtu huweza kulipa mara mbili na kubonyeza mara mbili kwa ajili ya kitu kilekile.

Sasa, unapoandika, tenganisha mambo mawili ambayo wenzako wameyachanganya. Ahadi iliyotimizwa ni ya kombe, na kombe si sehemu ya mchezo. Ni risiti yake. Habari za kombe zitoshe sentensi moja: linapatikana kwa dakika ngapi, kwa kufanya nini, na gemu lina matoleo mangapi. Anayelitaka kwa hilo tu ataisoma sentensi hiyo na ataamua, wala usimlaumu, maana fedha ni yake. Alama ziwe za mchezo wenyewe.

Na mchezo wenyewe uutazame kwa karibu. Mimi niliwahi kukaa na moja ya gemu hizi, sitaitaja jina, nikiwa na pedi mkononi na daftari gotini. Dakika ya nne lilikuja kombe la kwanza. Dakika ya tisa niliona kasuku akipenya ukuta bila sauti yoyote, kana kwamba ukuta haukuwekwa. Hatua ya pili ilikuwa ni ileile ya kwanza, ila imepakwa anga jekundu. Niliyahesabu mawe ya chini, yalikuwa yaleyale na mahali palepale. Kombe la mwisho lilipokuja, mchezo haukusema neno, ndege aliendelea kuruka. Nilihuzunika kweli, kwa sababu kuna mtu aliketi akakitengeneza kitu hiki na hakumfikiria hata mara moja atakayekishika. Mambo ya namna hiyo ndiyo ya kuandika, maana msomaji wako akiambiwa tu kwamba gemu ni bovu hajui ubovu uko wapi.

Watakuambia kwamba kwa bei hiyo mtu asitarajie zaidi. Usikubali. *Vampire Survivors*, gemu lililoanzishwa na Luca Galante, linauzwa chini ya dola tano na mchezaji wake hana kazi nyingi zaidi ya kusogea huku na huku, lakini mwaka 2023 lilitunukiwa na BAFTA ya Uingereza tuzo ya gemu bora la mwaka. Huko kila kusogea ni uamuzi. Tazama pia wazee wanaocheza bao barazani: hata zamu ya kutakata, isiyokula kete hata moja, humlazimu mchezaji achague shimo na achague upande. Basi jiulize gemu lako linamwachia mchezaji achague nini. Ikiwa ni kubonyeza au kutobonyeza tu, na kubonyeza kwenyewe hakubadilishi kitu, alama 1 au 2 ni haki yake, na uzitoe kwa maandishi yaliyo wazi ili hata aliyelileta aone umemtendea insafu.

SWALI: Mimi ni mama wa Kikwajuni. Mwanangu wa miaka 15 amejinunulia gemu za namna hii kwa fedha yake ya sikukuu, na sasa anaona aibu mbele ya wenzake. Je, makombe hayo yanafutika, na fedha inarudi?

JIBU: Mama yangu, kombe likishapatikana halifutiki, orodha inayoweza kuondolewa ni ile iliyo bado asilimia sifuri. Anachoweza kufanya ni kuingia katika mipangilio ya akaunti yake na kulificha gemu hilo ili wengine wasilione. Ama fedha, duka la PlayStation hupokea ombi la kurejeshewa ndani ya siku 14 tangu kununua, kwa sharti kwamba gemu halijaanza kupakuliwa. Kwa hizo alizokwisha kuzicheza nafasi hiyo haipo tena, lakini mkague pamoja, kwani ikiwa kuna aliyoinunua wiki hii na bado haijaanza kupakuliwa, ombi lipelekwe leo.