Yaya, imbwa yangu inaweza kula sambaza?

Barua za mwezi huu ni za mbwa tupu, na karibu zote zinanuka samaki, zaidi sambaza, wale wadogo wa ziwa Kivu. Nafikiri ni bei ya krokete, ile chakula kavu ya mbwa, njo imetufikisha hapa, ju ule mfuko unaotoka inje unapanda kila mara tukisema sasa umefika mwisho. Bon, nimechagua barua ine. Kwa mama wa Kadutu nimekaa sana kwa sababu shida yake ni ya wengi wenu, wengine mtanisamehe.

SWALI (mama mmoja, Kadutu, Bukavu)
Jambo yaya. Niko na imbwa, jina Simba, dume, kilo 18, miaka ine. Tangu mwaka jana anajikuna tu, masikio mekundu, nywele zinatoka mu mgongo. Jirani akaniambia niache krokete nimupikie samaki. Nikaenda Nyawera nikanunua tilapia nzuri, ile ya kupatia wageni, nikaipika na kitunguu, tomati, Maggi mbili na mafuta ya mawese, yani vile tunakula sisi, nikamupa pamoja na bugali. Siku ya kwanza alilamba mpaka sahani. Siku ya pili akatapika. Siku ya tatu mwiba ukamukwama mu koo, tukapitisha usiku mzima tunamushika kinywa na torshi. Sasa bwana yangu anasema samaki haiko chakula ya imbwa. Ni kweli? Na kama haiko kweli nipike namna gani?

JIBU
Jambo mama, na pole kwa ule usiku. Muambie papa wa nyumba kwamba samaki hana kosa, kosa iko mu sufuria. Ulimupikia Simba chakula ya watu, na tena ya wageni. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, kikiwa kibichi, kikipikwa, kikiwa cha unga, yote sawa, na kitunguu saumu pia, kinaharibu chembe nyekundu za damu, na ubaya wake hauonekani saa ile ile, unaweza kuja siku tatu ine baadaye mbwa akiwa amelegea, ufizi umekuwa mweupe, mkojo wa rangi ya chai kali. Hebu mufungulie kinywa leo umuangalie ufizi. Kama ni pinki kama kawaida, sawa, kama umepauka usingoje kesho, peleka kwa veterinere. Maggi nayo ni chumvi na mara nyingi iko na kitunguu ndani, kwa hiyo ulimupa mara mbili bila kujua.

Mwiba sasa. Najua kwetu mtu akikwamwa na mwiba anapewa donge la bugali ameze bila kutafuna, lisukume. Kwa mbwa usifanye, unaweza kuusukuma mahali pabaya zaidi, na mbwa mwenye maumivu anauma hata mkono unaomulisha. Akikuna kinywa na miguu, akitoa mate mengi, akifanya kama anataka kutapika na hakuna kinachotoka, ni kazi ya dokta.

Na hapa njo nitakushangaza kidogo: hukuhitaji ile tilapia. Tilapia iko na mwiba mgumu, mrefu, wenye ncha, ni nzuri kwa mtu mwenye vidole na subira. Mbwa hana vidole na subira ndiyo kabisa hana. Samaki yake ni sambaza, ile ndogo yenye kila mtu hapa anaijua, ilitolewa Tanganyika ikatiwa mu Kivu kati ya 1958 na 1960 na leo tunaila kama ilikuwa hapa tangu Nuhu. Ukishuka ku beach asubuhi, wakati mitumbwi ya mataa inarudi, utakuta zile zilizovunjika vichwa, zilizopondeka chini ya bakuli, wenye kununua za kukaanga hawazitaki. Hizo njo za Simba. Ila zisiwe zimeoza! Kuvunjika si kuoza. Inusa wewe mwenyewe, macho yawe bado maangavu, yasiwe na ukungu, tumbo lisiwe limepasuka na kunuka. Na usiende siku za mwezi mkubwa, wavuvi hawapati kitu ju taa yao inashindana na ya mbinguni, bei inakuwa ya kulia.

Kwa nini ndogo inashinda kubwa? Ju mbwa anaila nzima, na mifupa yake. Nyama ya samaki peke yake iko na fosfori nyingi na kalsiamu kidogo sana, mbwa akila filé tupu miezi na miezi mwili unaanza kuchota kalsiamu mu mifupa yake mwenyewe. Sambaza iliyochemka nusu saa, ule mfupa unaupondaponda na vidole viwili bila nguvu, hapo kalsiamu iko ndani tayari, hujalipa kitu.

Kupika ni hivi. Nusu kilo ya sambaza mbichi, osha mpaka maji yatoke safi, tia mu sufuria na maji yafunike tu, usitie chumvi, usitie kitu. Mu sufuria ingine chemsha viazi vitamu kama gramu 300, bila ganda, na karoti ao malenge gramu 150. Samaki wakiiva usimwage ile supu, iko na mafuta na ladha. Changanya vyote, ponda na mwiko ama mu kinu, kinu kisiwe kile cha kitunguu saumu tafadhali, acha ipoe, tia kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Kwa nini mafuta ingine na samaki ana yake? Samaki wa mafuta kila siku anamaliza vitamini E mu mwili wa mbwa, na alizeti iko nayo. Mawese kidogo haina ubaya, lakini vile tunaimwaga sisi, tumbo la mbwa halitashukuru. Huna viazi, tia mchele. Bugali ya muhogo nayo inaweza, kama muhogo umelowekwa vizuri ukakauka, muhogo mchungu wa haraka haraka uko na sumu kwa mbwa kama kwa mtu.

Hiyo itakupa karibu kilo moja. Mbwa aliyekomaa anakula kwa siku kama 2 mpaka 3 kwa mia ya uzito wake, kwa Simba tuseme gramu 450, nusu asubuhi nusu magaribi, kwa hiyo ni chakula ya siku mbili. Nimefanya ya siku mbili makusudi, ju najua umeme wetu, frigo inageuka kabati. Ukiwa na frigo inayokaa baridi kweli unaweza kwenda siku tatu. Huna frigo, pika ya siku moja tu.

Usimubadilishie ghafla. Changanya kidogo kidogo na ile anakula sasa, siku saba mpaka kumi, hata ukiona anaililia.

Lakini mama, kujikuna. Jirani yako anaweza kuwa na haki na anaweza kukosa. Kabla ya kulaumu krokete angalia viroboto, angalia upele, fungua yale masikio unuse kama yanatoa harufu, ju kwetu mbwa wengi wanaojikuna wako na wadudu, chakula hata haiko mu hesabu. Ukishatibu hivyo na bado anajikuna, hapo jaribu: samaki na kiazi kitamu, basi, wiki nane, bila mfupa wa ng'ombe, bila makombo, bila biskuti ya mtoto chini ya meza. Wiki nane kabisa. Kuna mbwa wanakataa ng'ombe ao kuku mu mwili wao na samaki anawapitia vizuri, na kuna wachache wanamukataa samaki mwenyewe, hutajua bila kujaribu. Mtu mmoja mu nyumba akimupa ngozi ya kuku kwa siri, unaanza upya kuhesabu. Na mara nyingi huyo mtu ni papa wa nyumba.

Na ukiona hii chakula imemukubali, ukitaka imulishe mwaka mzima, pita kwa veterinere aihesabu. Mbwa anahitaji vitu vingine kama zinki na iyodini, na samaki na kiazi havifikishi vyote. Mara moja moja mutie yai lililoiva, ao ini kidogo, kidogo kweli, kwa wiki. Ila ile yai na ini isubiri wiki nane ziishe.

SWALI (kijana, Katindo, Goma)
Yaya sambaza mbichi huku naipata kwa shida, lakini ile kavu iko kila mahali, na ndagala (dagaa), na makayabu. Niko na mambwa mbili za kulinda parsele. Naweza kuwapikia kavu?

JIBU
Kavu ndiyo, makayabu hapana. Makayabu imehifadhiwa na chumvi, hata ukiiloweka usiku mzima ukabadilisha maji mara tatu inabaki na chumvi, na mbwa hana kazi nayo.

Kavu ya jua, bila chumvi, ni nzuri. Onja moja kwa ulimi wako kabla ya kununua, muuzaji atakuapia mpaka kwa mama yake kwamba haina chumvi. Kisha loweka masaa mawili, sugua, mwaga, osha tena, ju inaanikwa chini na huko kwenu kile cheusi kinachobaki ndani ya beseni ni mchanga wa volkano ya Nyiragongo, kinamaliza meno ya mbwa. Halafu chemsha mpaka ilainike. Kumbuka tu samaki mbichi ni maji kama 75 kwa mia, gramu 125 ya kavu inasimama mahali pa nusu kilo ya mbichi, usipime sawa sawa ukaharisha walinzi wote wawili usiku mmoja. Na kama iko na ukungu ao imegeuka rangi ya kutu na inanuka mafuta ya zamani, acha hapo hapo sokoni.

SWALI (Panzi)
Imbwa yetu ilizaa, batoto bako na wiki sita. Kaka yangu anabapatia samaki bibichi, anasema ile inafanya imbwa inakuwa kali. Mimi naogopa. Nani ana haki?

JIBU
Wewe. Ukali hautoki mu samaki mbichi. Sambaza ni ya ukoo wa sardini, na samaki wengi wa ukoo huo wakiwa wabichi wako na kitu kinaitwa tiaminezi, kinakula vitamini B1. Mbwa akikosa B1 anaanza kukataa chakula, anatembea kama amelewa, shingo inainama, mwisho anashikwa na degedege. Kaka anaweza kufikiri ni ukali ule unaanza kuingia! Moto unamaliza tiaminezi, unamaliza na minyoo ya samaki. Frigo haimalizi tiaminezi hata ukigandisha mwezi mzima.

Kwa watoto wa wiki sita mimi sitaki waishi kwa samaki peke yake hata aliyepikwa, mifupa inajengwa sasa na kosa ya sasa inabaki mu miguu. Wabaki na mama yao na wapate krokete ya watoto iliyolowekwa mu maji ya vuguvugu, hata kama ni kidogo, sambaza iliyopondwa laini iwe ya kusaidia, mara tatu ine kwa siku. Kama hiyo krokete haipatikani kabisa, usijipikie kwa kukisia, mpelekee veterinere swali. Na muulize hapo hapo siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, wote, na mama yao. Kaka yako akitaka mbwa mkali kwanza awe na mbwa aliyechanjwa.

SWALI (msomaji wa Nguba)
Nimesoma kwamba samaki anaitwa salmoni anaua mbwa. Mimi Bobi nampa thomson na wakati mwingine vichwa vya tilapia. Je, nako kuna hatari?

JIBU
Hiyo ya salmoni ni kweli lakini haiko ya huku. Ni ugonjwa wa pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, kuna mnyoo mdogo ndani ya samaki wa mito ya kule na mnyoo huo unabeba bakteria, mbwa akila samaki mbichi anashikwa. Ziwa letu halina salmoni, lala salama.

Thomson ni wa baharini, anakuja mu karton akiwa barafu, iko na mafuta mazuri kwa ngozi. Hatari yake ni jua. Akiyeyuka mezani asubuhi na wewe unanunua saa kumi, ndani yake kunatokea histamini, sumu ya samaki aliyekaa mu joto, na hiyo hata uchemshe mpaka kesho haitoki. Nunua angali mgumu kama jiwe, pika siku hiyo hiyo, toa uti wa mgongo na miiba yote. Na kwa sababu umetoa mfupa, rudisha kalsiamu: ganda la yai, lichemshe, likauke, lisage mpaka liwe unga laini kabisa, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya samaki.

Vichwa vya tilapia vinadanganya. Hapa juu tulipo, ziwa tu liko karibu mita 1.460, maji yanachemka kama digrii 95 na si 100, unaweza kukaa na mbabula (jiko la makaa) mpaka makaa yaishe na taya la tilapia bado linachoma. Kama uko na sufuria ya presha, tia saa moja, kisha bonyeza kila kipande na vidole, kinachokataa kupondeka kitupe. Huna presha, chemsha vichwa kwa supu, chuja na kitambaa, Bobi apewe supu juu ya wali na vichwa viende mu shimo lenye kifuniko, ju atarudi kuvitafuta usiku.